Kimya cha Ghorofa ya Tatu

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kwenye saruji ya ua, mkono mmoja chini ya kifua, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu mfukoni. Juu, kwenye korido ya ghorofa ya tatu, kipande cha chuma cha ukingo kilikuwa kimeng'oka upande mmoja kikining'inia.

Inspekta alitazama juu, akatazama chini, kisha akachuchumaa huku magoti yakimlalamikia.

"Ameanguka, afande," alisema Koplo.

"Ulimwona?"

"Hapana, lakini..."

"Basi hujui kama ameanguka. Unajua yuko chini. Andika hivyo."

Koplo akaandika hivyo. Miaka mitatu chini ya mama huyu ilikuwa imemfundisha kwamba kubishana naye ni kujitafutia kazi ya ziada.

Marehemu alikuwa fundi wa kupima sauti, mtu wa makamo, na mjini watu walimwita Mpimaji tu. Viwanda vilimwita kupima kelele za mashine, kumbi zilimwita kupima spika, na ofisi zilimwita kupima ving'ora vya moto. Hapo alipolala palikuwa bweni la chuo cha uuguzi. Miezi miwili nyuma upande wa kulia wa bweni hilo uliwaka moto wanafunzi wakiwa usingizini, na wasichana tisa hawakuamka.

Inspekta aliijua ile kesi vizuri, maana ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyemtia pingu matroni wa bweni. Hoja ya upande wa mashtaka ilikuwa nyepesi kueleweka. Cheti kutoka ofisi ya Mpimaji kilionyesha kwamba king'ora kilisikika vizuri kila chumba. Kwa hiyo matroni alikisikia, akajigeuza upande wa pili, akaendelea kulala. Matroni alisema hakusikia kitu, akalisema hilo kwenye maelezo ya onyo kituoni na mbele ya hakimu. Hakuna aliyemwamini, Inspekta akiwa wa kwanza.

Jumatatu Mpimaji alitakiwa kutoa ushahidi. Lakini siku chache kabla aliandika kuomba ruhusa ya kurudi bwenini. Alisema hawezi kula kiapo juu ya kipimo ambacho hakukifanya kwa mkono wake. Cheti alisaini yeye, ila siku ya kupima alikuwa na homa, na aliyepima ni msaidizi wake, mdogo wa mkewe. Wakampa ruhusa. Alikuja jana mchana, na leo asubuhi mlinzi wa geti akamkuta hapa.

"Twende juu," Inspekta alisema.

Upande wa kushoto wa bweni haukuungua, ila masizi yalikuwa yametanda kila mahali, yakishika kwenye soli za viatu. Katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya tatu, karibu na kitanda kitupu, maikrofoni nyembamba kama penseli ilisimama kwenye miguu mitatu, kichwa chake kikiwa usawa wa mto wa kulalia. Waya ulitoka hapo ukaingia kwenye kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala, na waya mwingine ulitoka kwenye kisanduku ukaingia kwenye kompyuta mpakato iliyokuwa juu ya meza.

"Hii ni kadi ya sauti ya nje, afande," Koplo alisema, akijaribu kuficha furaha ya kujua. "Binamu yangu anayo. Anarekodia nyimbo zake."

"Nyimbo gani?"

"Mbaya sana, afande. Lakini zinasikika safi."

Koplo alivaa glavu, akaigusa kompyuta, kioo kikawaka. Kipimo kilikuwa kimekwisha kufanyika na kuhifadhiwa. Koplo akasoma kwa sauti. Kabla ya king'ora, chumba kikiwa kimya, desibeli hamsini na mbili. King'ora kikilia, desibeli sabini na nane.

"Sheria inataka ngapi kitandani?"

"Sabini na tano. Na cheti cha zamani kilisema hii hii, sabini na nane." Koplo alifunga daftari lake. "Matroni amekwisha, afande."

Inspekta alikuwa amesimama katikati ya chumba akisikiliza. Chuo kilikuwa kimehamishwa, barabara ilikuwa mbali, na umeme ulikuwa umekatwa tangu siku ya moto, ving'ora vikibaki na betri zake tu. Palikuwa na nzi mmoja dirishani. Alimsikia Koplo akimeza mate.

Kwenye kisanduku palikuwa na kitufe cha kuzungusha, na juu ya kitufe hicho kipande cha utepe mweusi, kimebandikwa kuanzia upande huu hadi upande ule ili kitufe kisizunguke. Inspekta alikitazama kitambo. Kisha akaagiza vitu vyote vifungwe kama vilivyo na vipelekwe maabara, na mtu asithubutu kugusa kitufe hicho hata kwa kukipangusa.

Mlinzi wa geti alikuwa mzee mwenye viatu vya mpira, na woga wake ulikuwa umemfanya mwepesi wa maneno.

"Jana nani mwingine aliingia?"

"Getini? Yeye tu."

"Na nyuma?"

"Nyuma ukuta ulibomolewa na gari la zimamoto. Huko hata ng'ombe anapita, mama, sina la kuficha."

"King'ora ulikisikia?"

"Nilikisikia. Kisauti kama cha mbu ndani ya chandarua."

"Kililia mara ngapi?"

"Mara mbili. Cha kwanza nilikuwa napika. Cha pili nilishakula, nikaosha sufuria, nikaanza kusinzia." Alimtazama Koplo kwa wasiwasi. "Hilo la kusinzia usiliandike, mwanangu."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Mle ndani kuna vipimo vingapi?"

"Kimoja tu, afande."

"Basi kimoja kimeliwa na nani?"

Mkuu wa kituo hakupendezwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye hekima ya kutopenda kazi iliyokwisha ifufuliwe.

"Daktari anasemaje?"

"Alikuwa hai alipoanguka. Hana jeraha la kupigwa. Anasema aliyeteleza na aliyesukumwa, wakishafika chini, wote wanafanana."

"Basi aliteleza. Ukingo mbovu, umelegea. Na kabla ya kufa ametuachia kipimo kinachotusaidia. Jumatatu tunaingia mahakamani, yule mama anafungwa, wazazi wa wale watoto wanapata haki yao. Unataka nini tena?"

Inspekta alitaka kukubali. Aliwahi kukaa sebuleni kwa kila familia ya wale wasichana tisa, akawaahidi, na ahadi hiyo ilikuwa imemkaa kifuani. Ingekuwa rahisi kuacha mambo yalivyo. Lakini ikiwa matroni anasema kweli, huyu mama ataozea jela kwa kutosikia kitu kisichosikika, na aliyempeleka huko atakuwa yeye.

"Nataka Jumatatu isifike kabla sijamaliza," alisema, akatoka.

Nyumbani kwa marehemu viti vilikuwa vimejaa uani. Mjane alikuwa amekaa chini ukutani, macho makavu, akiwaitikia watu bila kuwaona. Aliyekuwa akihangaika na kila kitu, kuanzia maji ya kunywa hadi simu za ndugu, ni mdogo wake. Kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, shati lake la pili asubuhi hiyo likiwa limelowa jasho. Jirani mmoja alimnong'oneza Inspekta kwamba kijana huyo alilelewa na dada yake tangu mama yao afe, na kwamba kazi, ujuzi na hata chumba anacholala ni marehemu aliyempa. Nyumba nzima ilimwita Shemeji, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyomwita, na jina likamganda.

Inspekta alimvuta pembeni.

"Pole sana. Jana ulikuwa wapi?"

"Karakana, afande. Nimeshinda na amplifaya ya watu mpaka jioni."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Sisi tulikuwa wawili tu."

"Simu ya marehemu inaonyesha alikupigia mchana."

"Ndiyo. Aliuliza waya wa akiba uko wapi. Nikamwambia uko mfuko wa pembeni."

"Dakika saba, waya?"

Shemeji alipangusa uso. "Shemeji yangu alikuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu."

Mjane, alipoulizwa baadaye kama mumewe alikuwa mtu wa maneno mengi, alicheka kidogo, kicheko kilichomshangaza mwenyewe.

"Mume wangu? Kwenye simu alikuwa anasema 'sawa' na kukata. Hata mimi alikuwa ananikatia."

"Ule utepe mweusi kwenye kifaa chake, ni wa nini?"

"Ah, utepe wake!" Macho yake yalilainika. "Alikuwa akishasawazisha mashine, anafunga kitufe kwa utepe ili mtu asikiguse. Alisema kikizunguka kidogo tu, namba zote zinakuwa uongo. Ilimwingia mpaka akawa kama mgonjwa. Redio yangu ya jikoni aliibandika utepe nisipandishe sauti. Nikibandua, anabandika mwingine."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Kwani ulikuwa umetoka?"

"Ulikuwepo," Inspekta alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Mtaalamu wa sauti wa maabara ya polisi alikuwa dada mmoja mwembamba aliyevaa sweta hata wakati wa joto, kwa sababu mashine zake zilihitaji baridi kuliko yeye. Aliwakuta wamesimama mlangoni asubuhi iliyofuata, akawapa viti bila kuwaamkia sawasawa.

"Mama, nani aligusa kitufe?"

"Hakuna. Niliagiza."

"Basi kiliguswa kabla yenu. Angalia." Aliinua utepe uliokuwa kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi. "Upande wa gundi una masizi. Ulibandikwa kwanza safi, ukabanduliwa mle chumbani kwenye masizi, ukarudishwa. Na aliyerudisha utepe huo hakuwa na haraka. Ameunyoosha vizuri."

"Endelea."

Akachukua kitu kifupi cha chuma kama kifuniko cha chupa nene. "Hii tunaiita filimbi. Ukiivisha kichwa cha maikrofoni inalia sauti moja, desibeli tisini na nne. Haijui kudanganya, inalia tisini na nne tu. Mpimaji huanza kazi na hii. Anazungusha kitufe mpaka kompyuta nayo iseme tisini na nne. Anabandika utepe. Hapo ndipo namba zake zinaanza kuwa na maana."

Akaivisha filimbi kwenye maikrofoni ya marehemu, kisanduku kikiwa kama kilivyookotwa. Kilio chembamba kikajaa chumba. Kompyuta ikaandika mia moja na nane.

"Imezidi kumi na nne," Koplo alisema.

"Imezidi kumi na nne. Mtu amepandisha kitufe baada ya utepe. Kwa hiyo toa kumi na nne kwenye kila namba ya chumba kile."

Inspekta alitoa kichwani. King'ora kikawa sitini na nne. Kisauti cha mbu ndani ya chandarua. Msichana aliyelala fofofo, mlango umefungwa, hawezi kuamshwa na hicho, wala matroni aliye chini.

"Na kile kimya?" aliuliza. "Hamsini na mbili ni kama nini?"

"Ofisi yenye watu wanaongea na feni juu."

"Mle ndani hakuna hata feni. Nilimsikia huyu akimeza mate."

"Ndiyo shida yake huyo mtu," dada wa maabara alisema. "Alitaka kupandisha king'ora. Lakini kitufe hakichagui, mama. Kinapandisha kila kilichomo chumbani. Kimya nacho kilipanda. Na kilipopanda..." Alisita, akavuta sweta. "Mashine ya marehemu haihifadhi namba peke yake, inahifadhi na sauti yenyewe. Wengine hawafanyi hivyo, inakula nafasi. Sikilizeni kabla ya king'ora."

Akawavisha vipokea sauti vya masikioni. Kwanza palikuwa na mvumo mtupu. Kisha mbao ikalia, kama mtu amekalia ukingo wa kitanda. Kisha pumzi. Mtu alivuta pumzi mara mbili za harakaharaka, akaziziba, kana kwamba ameweka kiganja mdomoni. Tena. Tena. Mwanamume mzima alikuwa akilia, akijizuia asisikike. Halafu king'ora kikaanza, kikamfunika.

Koplo alivua vyake taratibu. "Ni marehemu?"

"Marehemu alikipenda kitufe chake," Inspekta alisema. "Huyu ni mtu mwingine. Na marehemu wakati huo alikuwa ameshafika chini."

Jambo lililofuata Inspekta hakulipenda, na miaka yote ya kazi haikumfanya alipende. Alikwenda kwa mjane, akamkuta chumbani akikunja mashati ya mumewe. Akamwomba asikilize kitu, amwambie tu kama anamfahamu mtu huyo. Hakumwambia kimetoka wapi.

Mjane alisikiliza, kichwa ameinamisha. Uso wake ukajaa huruma.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Ndivyo anavyolia tangu mtoto. Mama alipokufa alilia hivyo hivyo, anavuta mara mbili halafu anajiziba mdomo, hataki watu wamsikie. Masikini. Mlimrekodi hapa msibani?"

Inspekta aliushika tu waya wa vipokea sauti.

Mjane alisubiri jibu. Aliangalia uso wa Inspekta, akaangalia ule waya mkononi mwake, akaangalia shati lililokuwa mapajani. Polepole sana alivua vile vipokea sauti, akaviweka kitandani mbali naye.

"Mmerekodi wapi?" aliuliza.

"Bwenini, mama. Siku ile."

Hakupiga yowe. Alilichukua shati akaendelea kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Yuko uani," alisema. "Anawagawia watu maji. Msimkamate mbele yao. Nakuomba hilo tu."

Inspekta alimtuma Koplo amwite kwa kisingizio cha karatasi za kusaini kituoni. Shemeji aliaga wazee mmoja mmoja, akapanda gari la polisi kwa hiari yake.

Katika chumba cha mahojiano alikaa wima, mikono juu ya meza. Inspekta alimsomea haki zake. Alikataa wakili. Alitaka maji, akapewa, hakunywa.

"Juzi mchana ulikuwa wapi?"

"Karakana. Nimeshasema."

"Shemeji yako alikupigia dakika saba kuhusu waya."

"Ndiyo."

"Alipata ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Kwenye kipimo cha kwanza. Kile kilichofutwa."

Shemeji alitazama glasi. "Kipimo ni kimoja. Sabini na nane."

"Nani amekuambia sabini na nane?"

"Cheti..."

"Cheti ni cha zamani. Nakuuliza cha juzi. Sisi hatujamwambia mtu namba ya juzi, hata dada yako."

Koplo, pembeni, alishika kalamu bila kuandika.

Inspekta aliweka filimbi mezani. Kile kipande cha chuma kilitoa mlio mdogo kwenye mbao. "Maabara waliivisha kwenye maikrofoni. Ikasoma mia moja na nane. Wewe ni fundi, niambie maana yake."

"Kitufe kimeguswa njiani. Mlipokuwa mnabeba."

"Utepe ulikuwa juu."

"Utepe unaweza kulegea."

"Huu haukulegea. Ulinyooshwa vizuri kwa kidole." Alimwegemea. "Na dada yako amekusikia."

"Dada amesikia nini?"

"Wewe. Umekaa kitandani ghorofa ya tatu, unalia, umeziba mdomo. Kitufe kilikuwa juu mno, kilikuchukua mzima mzima. Alidhani tumekurekodi msibani. Akakuonea huruma."

Kitu kilikatika usoni mwa yule kijana. Alifungua mdomo, akavuta pumzi mara mbili za harakaharaka, mkono ukainuka wenyewe kuelekea mdomoni. Katikati ya njia akauona, akaushusha mezani kama si wake.

"Mashine yake inahifadhi sauti," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisahau. Yangu siiwekei hivyo."

"Anza mwanzo."

Alianza mwanzo. Ile siku ya kwanza, mwaka jana, Mpimaji alikuwa na homa, naye Shemeji akaenda bwenini peke yake kwa mara ya kwanza. Alifurahi kuaminiwa. Alisawazisha kwa filimbi kama alivyofundishwa. Utepe ulikuwa umemwishia, akasema si kitu, atakuwa mwangalifu.

"Napanda ngazi, kifaa kiko begani, ndani ya begi na betri na nyaya. Kitu kikasukuma kitufe. Sikujua. Nikapima ghorofa zote, zote zikapita. Nikawapigia simu chuo hapo hapo, wakanipongeza. Nimefika nyumbani, natoa kifaa, naona kitufe kimekaa pengine."

"Kwa nini hukurudi?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nimekosea? Shemeji yangu alikuwa ameshasema siku moja mbele ya wateja kwamba ipo siku uzembe wangu utamvua nguo. Nikajiambia ni king'ora tu. Mabweni hayaungui kila siku. Nikampelekea namba, akasaini."

"Ving'ora vilikuwa na kasoro gani?"

"Vilipakwa rangi. Wapaka rangi walipitisha brashi mpaka kwenye matundu. Ungekuwa umevipima vizuri ungejua mara moja. Ni kazi ya kukwangua tu." Sauti yake ilikauka. "Kukwangua tu, afande. Kwa kisu cha jikoni."

Inspekta aliona nyuso za wale wasichana, picha zao za sare nyeupe alizoonyeshwa kwenye sebule tisa. Hasira ilimpanda, akaimeza, kwa sababu alihitaji mengine.

"Juzi."

"Alinipigia. Akasema, 'Shemeji, nimepata sitini na nne, njoo uone.' Nilipita nyuma, kwenye ukuta uliobomoka. Alikuwa hajakasirika. Laiti angekasirika. Alikuwa ananionea huruma. Akasema ataambatana nami mahakamani, tutasema wote wawili, cheti alisaini yeye, aibu ni ya wote. Nikamwomba. Nikapiga magoti, afande, kwenye yale masizi. Nikamwambia wasichana hawatarudi, na yule mama sisi hatumjui."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Na yeye ni dada wa mtu.' Akatoka koridoni kutafuta mtandao wa simu ampigie wakili wa yule mama. Mle ndani simu haishiki. Akasimama pale ukingoni, ameinua simu juu, anazungukazunguka. Akaniambia, 'Imeshika.' Nikamsukuma."

Koplo aliacha kuandika.

"Sikumsukuma ili afe," Shemeji alisema. "Nilimsukuma ili asiongee. Sijui kama mnaelewa. Nikamsikia akifika chini. Hakupiga kelele hata moja."

"Simu yake?"

"Nilishuka nikamrudishia mfukoni. Nikarudi juu."

"Ulikuwa umeshamuua. Kwa nini hukufuta kipimo ukaenda zako?"

"Wangemleta mtu mwingine apime. Lakini kikiwepo kipimo chake mwenyewe, hakuna ambaye angepima tena. Kila mtu alikuwa anamwamini." Alitazama filimbi iliyokuwa mezani. "Nilijua kitufe kinatakiwa kukaa wapi, namba ziwe kama za cheti. Nimekiota mwaka mzima."

Akasaini kila ukurasa wa maelezo yake kwa mwandiko mzuri. Alipoinuka kupelekwa mahabusu aliuliza kama dada yake atakuja kumwona. Inspekta alimwambia hajui, na hakumwongezea neno.

Mwendesha mashtaka aliifuta kesi ya matroni kabla ya Jumatatu. Hati ingeweza kupelekwa na askari yeyote, lakini Inspekta aliipeleka mwenyewe gerezani. Njiani alijaribu kupanga maneno ya kumwomba radhi, yote yakawa mepesi kuliko pingu.

Matroni alikuwa amepungua mwili, gauni likimning'inia. Alisimama kwa heshima mlango ulipofunguliwa, mikono nyuma, kama alivyofundishwa humo ndani.

"Mama, uko huru," Inspekta alisema. "King'ora kilikuwa kibovu. Kipimo kilikuwa cha uongo na aliyefanya amekiri. Kutoka chumbani kwako usingeweza kukisikia. Hakuna ambaye angeweza. Nilikukosea sana."

Matroni hakusogea.

"Una hakika?"

"Nina hakika kabisa."

"Kwa sababu mimi nakikumbuka," alisema. Hakuwa analalamika. Alikuwa kama mtu anayesaidia polisi. "Mwanzoni nilikuwa sikikumbuki. Lakini mlinisomea kile cheti mara nyingi, afande, wewe na wenzako, mkasema lazima nilikisikia. Sasa kila nikilala kinalia. Nakisikia vizuri, naamka, najigeuza, nalala tena. Wasichana wananiita kwa majina ya utani waliyonipa, na mimi najifunika. Wiki iliyopita nilimwambia wakili anipeleke nikakiri."

Inspekta alimnyooshea ile hati, matroni hakuipokea.

"Nakuamini ukisema hakikusikika," matroni aliendelea. "Lakini leo nitalala nyumbani kwangu. Kikilia, nifanyeje?"

Inspekta alisimama na ile hati mkononi. Askari wa zamu alikohoa, akakumbusha kwamba kuna kitabu cha kusaini. Matroni aliinama, akaokota kifurushi chake cha nguo, akasubiri aambiwe atoke.